Bomba la moshi la pikipiki: Kwa nini kelele si nguvu

KATIKA vijiwe vya bodaboda vya Kahama, Katoro, Geita na Shinyanga mjini, kuna kazi ambayo mafundi wa kuchomelea huletewa mara kwa mara: kukata bomba la moshi la pikipiki, kuondoa vyuma vya ndani vinavyopunguza kelele, kisha kulifunga tena. Baada ya muda mfupi pikipiki huondoka ikinguruma, na dereva huamini kwamba injini yake imepata nguvu mpya.

Imani hiyo haikuzuka bure. Nchini Italia na katika nchi nyingine za Ulaya, wamiliki wa pikipiki za mbio kama Ducati na Aprilia hutumia fedha nyingi kununua mabomba ya moshi ya kampuni nyingine na kuyafunga badala ya yale yaliyotoka kiwandani. Tofauti ni kwamba huko bomba jipya huambatana na marekebisho ya mfumo wa mafuta. Huku kwetu, mara nyingi hubadilishwa bomba peke yake, na injini huachwa ijitafutie njia.

Makala haya yanaeleza kazi ya bomba la moshi, namna linavyofungwa, namna injini inavyorekebishwa baada ya bomba kubadilishwa, na hasara inayompata dereva anayechukua kelele akaacha marekebisho.

Bomba hufanya kazi gani

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya mapigo manne yenye silinda moja. Pistoni huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, cheche ya plagi huuwasha, kisha pistoni hupanda na kuusukuma moshi nje kupitia valvu ya kutolea moshi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, tendo hilo la mwisho hutokea mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 katika kila sekunde.

Kila moshi unapotoka huwa na msukumo mkubwa, na ndani ya bomba hukimbia wimbi la mgandamizo. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake hurudi kuelekea kwenye injini likiwa na mvuto badala ya msukumo. Likirudi kwa wakati unaofaa, kabla valvu haijafunga, huvuta masalia ya moshi kutoka katika silinda na kuisaidia hewa mpya kuingia. Likirudi wakati usiofaa, huizuia hewa hiyo.

Ndiyo maana urefu, upana na umbo la bomba havichaguliwi kwa kubahatisha. Mhandisi huvipanga kwa kuzingatia mwendo wa injini ambao dereva atautumia zaidi. Pikipiki ya kubeba abiria na mizigo hupangwa ivute vizuri injini ikizunguka polepole. Pikipiki ya mbio hupangwa ivute injini ikizunguka kwa kasi kubwa.

Mafundi wengi husema kwamba injini huhitaji kubanwa kidogo kwenye ekzosi ili iwe na nguvu. Wanachokiona ni cha kweli, lakini sababu siyo hiyo. Kubanwa kwenyewe hakuna faida. Pikipiki iliyotobolewa bomba hukosa mvuto wakati wa kuondoka kwa sababu mawimbi yaliyopangwa kiwandani yamevurugika, na mchanganyiko wa hewa na petroli nao umebadilika.

Bomba zima lina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni shingo, inayotoka kwenye kichwa cha injini na kukunja kuelekea nyuma. Ya pili ni mtungi, ambao ndani yake huwa na vyumba, vibati na mirija yenye matundu ya kuvunja nguvu ya sauti. Katika mitungi mingine huwekwa pia pamba maalumu isiyoungua. Msomaji asichanganye mtungi huo na neno “sailensa” linalotumiwa na mafundi wetu. Katika gereji zetu, sailensa ni mwendo wa injini inapounguruma polepole chombo kikiwa kimesimama.

Somo kutoka Bologna

Kampuni ya Ducati ilianzishwa katika mji wa Bologna mwaka 1926 ikitengeneza vipuri vya redio, na ikaingia katika biashara ya pikipiki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pikipiki zake zilizopata sifa kubwa zina silinda mbili zilizotengana kwa pembe ya nyuzi 90. Kwa sababu silinda moja iko mbele na nyingine iko nyuma yake, shingo za mabomba yake hulazimika kuwa na mikunjo tofauti, na kuzifanya zifanye kazi kwa uwiano ni kazi ya hesabu.

Mwaka 1994 Ducati ilitoa modeli ya 916, iliyochorwa na Massimo Tamburini, ambayo mitungi yake miwili ya moshi ilipitishwa chini ya kiti. Pikipiki hiyo iliongeza hamu ya wamiliki kubadilisha mabomba. Kampuni kama Termignoni ya Italia na Akrapovič ya Slovenia zimejijengea jina kubwa kwa kazi ya kuwatengenezea mabomba hayo, yakiwa ya chuma kisichoshika kutu, ya titani au ya nyuzi za kaboni.

Mnunuzi huchagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mtungi tu na kuiacha shingo ya kiwandani. Njia hii ni rahisi, hupunguza uzito na kubadilisha sauti, lakini nguvu inayoongezeka ni ndogo. Ya pili ni kubadilisha mfumo mzima, kuanzia kichwa cha injini hadi mwisho. Hapo nguvu huweza kuongezeka kwa kiasi kinachoonekana, kwa sharti kwamba mfumo wa mafuta nao urekebishwe.

Modeli ya 916 haikuwa na kabureta. Mafuta yalipimwa kwa mfumo wa elektroniki, na aliyefunga mabomba ya mbio alibadilisha pia kipande kidogo cha kumbukumbu kilichouelekeza mfumo huo umwage petroli kiasi gani kwa kila mwendo wa injini. Pikipiki za miaka ya karibuni zina kihisi cha oksijeni ndani ya bomba, ambacho hupima moshi na kuisaidia injini kujirekebisha. Hata hivyo, dereva anapofungua mafuta hadi mwisho, injini nyingi huacha kufuata kihisi hicho na kurudi katika vipimo vilivyohifadhiwa. Bomba likiwa limebadilishwa, vipimo hivyo havifai tena.

Kwa maneno mengine, hata tajiri wa Bologna mwenye pikipiki ya nguvu za farasi zaidi ya 100 hapati faida kamili kwa kubadilisha chuma peke yake. Dereva wa Geita mwenye injini ya nguvu za farasi 10 hadi 12 ana sababu ndogo zaidi ya kuitegemea.

Pikipiki za ukanda wa dhahabu

Kabla ya pikipiki kuenea, abiria wengi wa Shinyanga na Kahama walisafirishwa kwa baiskeli. Kilimo cha pamba, almasi ya Mwadui na baadaye migodi mikubwa ya dhahabu, ukiwamo wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu ulioanza mwaka 2001, viliongeza watu na safari. Bodaboda ikawa usafiri wa kuwafikisha watu mahali ambapo basi halifiki: Nyarugusu, Rwamagasa, Kakola, na kwenye maduara ya wachimbaji wadogo.

Vyombo vinavyotumika zaidi ni vya China na India. Vingi vya China vimefuata muundo wa Honda CG125, injini iliyotoka Japani katikati ya miaka ya 1970 ikikusudiwa nchi ambako matengenezo ni haba. Vya India, kama Boxer ya kampuni ya Bajaj na pikipiki za TVS, vimeshika sehemu kubwa ya soko. Hata hapa Italia haiko mbali sana: Bajaj ilijifunza kazi kwa kutengeneza skuta na pikipiki za magurudumu matatu kwa leseni ya kampuni ya Piaggio, watengenezaji wa Vespa. Bajaji inayopita katika mitaa ya Kahama ina ukoo wa Kiitaliano.

Mazingira ya kazi ya vyombo hivi ni magumu. Barabara za kuingia machimboni zina vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mzigo huwa mkubwa, mwendo huwa wa polepole, na injini hufanya kazi mchana kutwa. Hayo ndiyo mazingira ambamo mvuto wa mwendo mdogo una thamani kuliko kasi ya juu, na ndio mvuto unaopotea bomba likitobolewa.

Mwinuko wa ardhi na hewa nyepesi

Kuna jambo jingine linalowapotosha madereva wa ukanda huu bila wao kufahamu. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Geita uko juu zaidi ya hapo. Mji wa Shinyanga nao uko zaidi ya mita 1,100. Katika mwinuko huo hewa huwa nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani sehemu moja ya kumi.

Kabureta haijui mwinuko. Huendelea kutoa petroli kwa kipimo kinachokaribia kile cha pwani, wakati hewa inayoingia ina oksijeni pungufu. Matokeo yake mchanganyiko huwa mzito, yaani petroli inazidi. Pikipiki huwa nzito kuitika, plagi hushika masizi meusi, na mafuta huisha haraka.

Dereva akitoboa bomba, moshi hutoka kwa urahisi zaidi, hewa zaidi huingia, na mchanganyiko huwa mwepesi kuliko ulivyokuwa. Kwa pikipiki iliyokuwa na mchanganyiko mzito, mabadiliko hayo huweza kuifanya iitike vizuri kwa muda. Dereva husema bomba limeongeza nguvu, kumbe limesahihisha kwa bahati kosa la kabureta. Dawa ya kosa hilo ilikuwa jeti ndogo kidogo, ambayo bei yake haifikii bei ya bomba jipya wala haiamshi majirani usiku.

Bahati hiyo haina uhakika. Pikipiki hiyohiyo ikiuzwa na kupelekwa pwani, ambako hewa ni nzito, mchanganyiko utakuwa mwepesi kupita kiasi. Hata huku bara, pikipiki ambayo kabureta yake ilikwisha kurekebishwa kulingana na mwinuko, kisha ikatobolewa bomba, itapata tatizo hilo siku ya kwanza.

Mchanganyiko mwepesi na valvu iliyoungua

Petroli ili iungue kikamilifu huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Injini inapovuta kwa nguvu zake zote, hutakiwa kupewa petroli zaidi kidogo, takribani kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja, kwa sababu petroli ya ziada huongeza nguvu na kupoza chumba cha kuunguzia.

Hewa ikizidi wakati injini iko kwenye mzigo mkubwa, joto hupanda. Dalili zake ni milipuko midogo kwenye bomba dereva anapoachia mafuta, shingo ya bomba kubadilika rangi kuwa ya samawati, plagi kuwa nyeupe kama chokaa, na injini kukosa nguvu ikipanda mlima. Hali hiyo ikiendelea, valvu ya kutolea moshi huungua kwenye ukingo wake, mgandamizo hupungua, na pikipiki huwa ngumu kuwaka asubuhi. Pistoni nayo huweza kukwama au kutoboka.

Ni vema kuongeza kwamba valvu huungua pia inapokazwa mno, ikakosa nafasi ya kufunga sawasawa. Fundi anayesikiliza mlio wa valvu na kuikaza hadi inyamaze kabisa huleta hasara ileile. Nafasi ya valvu hupimwa kwa kipimo cha vibati, injini ikiwa baridi, kwa kufuata kitabu cha pikipiki husika.

Namna ya kufunga bomba

Kwa dereva aliyeamua kubadilisha bomba, iwe kwa sababu la zamani limeoza au kwa hiari yake, kazi hufuata hatua ambazo hazitofautiani sana kati ya Boxer na Ducati.

Kwanza, injini iachwe ipoe kabisa. Kwenye kichwa cha injini bomba hushikwa na nati mbili, na vyuma vinavyozishika hukatika kwa urahisi vikiwa na kutu. Vipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa kwa muda kabla ya kutumia spana. Kikikatika chuma kimoja, gharama ya kukitoa hupita gharama ya kazi nzima.

Pili, gasketi ya shingo ibadilishwe. Ni pete ndogo inayobanwa ili moshi usivuje. Ikishabanwa mara moja hupoteza umbo, na kuirudisha ya zamani ni kukaribisha uvujaji. Mahali panapovuja moshi huingiza pia hewa, na hewa hiyo husababisha milipuko inayomfanya fundi adhani kabureta ina kasoro.

Tatu, nati na bolti zote zishikwe kwanza bila kukazwa. Bomba likishakaa mahali pake bila kulazimishwa, zikazwe nati za kichwani, kidogo upande huu na kidogo upande wa pili, kisha bolti ya nyuma ikazwe mwisho. Bomba lililolazimishwa kwa kukaza bolti ya nyuma kwanza hupasuka shingoni kwa mtikisiko.

Nne, akague nafasi. Bomba lisiguse tairi, pedali ya breki wala mguu wa abiria, hata pale pikipiki inapodidimia ikiwa na watu na mzigo. Kinga ya joto inayozuia ngozi isiguse chuma lazima irudishwe.

Tano, mafuta na alama za vidole zifutwe kabla ya kuwasha, kisha injini iwashwe na kusikilizwa kwenye kila kiungo. Baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa, nati zikazwe tena.

Ikiwa kuna kuchomelea, bomba litolewe kwanza kwenye pikipiki. Kuchomelea karibu na tangi la petroli ni kucheza na moto, na umeme wa mashine ya kuchomelea huweza kuunguza vifaa vya elektroniki vya chombo.

Namna ya kurekebisha kabureta

Marekebisho hayaanzi kwenye kabureta. Fundi makini hukagua kwanza chujio la hewa, plagi, nafasi ya valvu na uvujaji wa moshi. Hukagua pia mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu usomaji wote, na ndiyo maana mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuubaini uchakachuaji. Anayepima injini kwa petroli ya chupa isiyojulikana ilikotoka anapima asichokijua.

Kabureta ina sehemu tatu zinazopokezana kazi. Injini ikiwa kwenye sailensa na hadi robo ya mafuta, jeti ndogo pamoja na skrubu ya pembeni ndizo zinazotawala. Kuanzia robo hadi robo tatu hutawala sindano, ambayo kwenye kabureta nyingi ina mikato ya kuipandisha au kuishusha. Ikipandishwa petroli huongezeka. Kuanzia robo tatu hadi mwisho hutawala jeti kubwa. Hivyo kabla ya kugusa chochote, dereva amweleze fundi tatizo linatokea akiwa amefungua mafuta kiasi gani.

Jeti huandikwa namba, na katika aina moja ya jeti namba kubwa ina tundu kubwa. Hubadilishwa kwa hatua moja moja, na kila mara pikipiki hujaribiwa kabla ya hatua nyingine. Kupanua tundu la jeti kwa waya au sindano ni kosa, kwa kuwa tundu hupoteza duara lake na kipimo hakijulikani tena.

Jaribio lenyewe hufanywa kwenye barabara iliyo wazi na salama, injini ikiwa imepata moto. Pikipiki hukimbizwa ikiwa na mafuta wazi kwa muda mfupi, kisha injini huzimwa na klachi kushikwa kwa wakati mmoja, na plagi hufunguliwa. Rangi ya kahawia hafifu huonyesha mchanganyiko mzuri. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Nyeupe ni hewa nyingi, na hapo jeti iongezwe kabla pikipiki haijarudi kazini.

Kosa kubwa zaidi katika ukanda huu ni kuondoa chujio la hewa pamoja na kutoboa bomba, eti injini ipumue. Vumbi la barabara za machimboni huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuzisaga ringi na pistoni. Injini ikianza kula oili na kutoa moshi wa rangi ya buluu, hakuna jeti itakayoiponya.

Hesabu ya jioni

Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaompelekea tajiri hesabu ya kila siku, na wapo walio kwenye mkataba, ambao chombo kitakuwa chao baada ya kumaliza malipo ya muda waliokubaliana. Kwa wote hao, bomba lililokatwa ni suala la fedha.

Tuseme dereva hutumia lita 4 za petroli kwa siku, na baada ya kutoboa bomba analazimika kufungua mafuta zaidi ili apate mvuto aliouzoea, hivyo matumizi yakaongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi. Hiyo ni lita 0.4 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni lita 10.4 za ziada. Kwa mwaka ni karibu lita 125, bila kuhesabu valvu, pistoni na siku ambazo pikipiki imelala gereji huku hesabu ikidaiwa.

Dereva wa mkataba ana hatari ya ziada. Chombo si chake hadi amalize malipo. Injini ikiharibika kwa sababu ya mabadiliko aliyoyafanya bila idhini, huweza kupoteza chombo pamoja na fedha alizokwisha kulipa.

Masikio, ngozi na pumzi

Kelele hupimwa kwa desibeli. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asikae kwenye wastani wa kelele unaozidi desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kelele ya desibeli 94 inaruhusu saa moja tu, na ya desibeli 100 inaruhusu dakika 15.

Katika migodi mikubwa, mfanyakazi anayekaribia mashine hutakiwa kuvaa vizibo vya masikio. Akitoka getini hupanda bodaboda yenye bomba lililokatwa, na dereva wake huishi na kelele hiyo kutwa nzima bila kinga yoyote. Upotevu wa usikivu unaotokana na kelele huja polepole, hauumi, na hauna tiba ya kuurudisha. Hospitali, shule na nyumba zilizo kando ya kijiwe hazina namna ya kujikinga.

Bomba huunguza pia. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda liko upande wa kulia, kwa hiyo abiria apande na kushuka kwa upande wa kushoto. Watoto na wanaovaa khanga au sketi wachukue tahadhari zaidi. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa takribani dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Jeraha kubwa lipelekwe hospitali.

Moshi wenyewe una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Injini isirekebishwe ndani ya chumba kilichofungwa. Onyo hilohilo linawahusu wachimbaji wadogo: pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya duara, hewa hiyo hujikusanya humo, na anayeshuka kumwokoa mwenzake bila kifaa cha kupumulia huanguka juu yake.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inampa askari uwezo wa kukagua chombo na kukizuia kisitembee kikiwa kibovu. Pikipiki za kubeba abiria kwa malipo zilitungiwa kanuni mwaka 2010, zikiwa chini ya SUMATRA, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usafiri wa ardhini uko chini ya LATRA. Kwa upande wa kelele, ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Ulaya nako uhuru wa kufunga bomba lolote umepungua. Viwango vya moshi wa pikipiki vilianza mwaka 1999, na kile cha Euro 5 kilianza kutumika kwa modeli mpya mwaka 2020. Bomba linaloruhusiwa barabarani hugongwa alama ya herufi E ikifuatwa na namba ya nchi iliyolipitisha. Italia ni namba 3. Lisilo na alama hiyo huuzwa kwa matumizi ya viwanja vya mbio tu.

Dereva afanye nini

Ikiwa bomba la zamani limeoza, anunue lenye umbo na urefu wa la kiwandani, na kabla ya kulipa atazame kwa tochi kama lina vyuma vya ndani. Ikiwa pikipiki imekosa nguvu, amwombe fundi akague chujio, plagi, valvu, klachi, mnyororo na jeti kabla ya kuigusa ekzosi. Ikiwa bomba limekwisha kutobolewa na hana fedha ya jipya, afungue plagi aisome. Ikiwa nyeupe, asipakie abiria mpaka jeti ibadilishwe.

Na ikiwa yuko kwenye mkataba, amwone mwenye chombo kabla ya kumwona fundi wa kuchomelea. Mtungi uliokatwa unaweza kufungwa tena kwa jioni moja, lakini valvu iliyoungua humtoa dereva kijiweni kwa siku nyingi.